Mkeka wa Noeli ya Mwaka Sabini

Jumapili, 1 Desemba 2024

Nimeficha jambo moja kwa miaka hamsini na minne. Linahusu mkeka. Dada yangu aliusuka, mimi nikaupeleka, na aliyeupokea hakuambiwa umetoka kwa nani. Haya, nimeliandika. Siku hizi mkono wangu hutetemeka hata nikiandika tarehe.

Paskalina, marehemu mke wangu, alijua nusu yake. Padre hajui. Watoto hawajui. Dada mwenyewe hajui — na ndiye mwenye haki ya kujua kuliko wote.

Kwa nini leo? Alhamisi daktari alimwita binti yangu Grace nje ya chumba. Mlango wa pale hauzuii sauti. Moyo umepanuka, alisema, na umechoka. Mpeni anachopenda kula. Nimesahihisha insha za darasa la saba miaka thelathini na moja. Sentensi ya kumalizia naijua nikiisikia.

Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio. Grace alirudi kanisani na tangazo lake. Krismasi hii hakuna kununua zawadi! Hospitali imetukausha, na hata isingetukausha, amechoshwa na vitu vya plastiki vinavyovunjika kabla ya mwaka mpya. Kila mmoja atamtengenezea mtu mmoja zawadi kwa mikono yake. Cha shambani, cha jikoni, cha kusuka, cha kuchonga — ruksa. Cha dukani — marufuku.

Mwanawe Jastin, mwenye kibanda cha kutengeneza simu hapa hapa Kihonda, akauliza kama maneno matamu yanahesabika. Grace akamjibu kuwa yanahesabika kwa mtu asiye na mikono.

Tuliandika majina sita kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye sufuria. Grace, Jastin, mimi. Mwanangu Emmanuel, anayelima kule Mgeta. Dada yangu wa Mikese na binti yake Nasra. Walio mbali walichagua kwa simu ya video: hicho, hapana, hicho cha pembeni! Jastin akawafungulia na kuwaonyesha bila yeye kuangalia — au ndivyo anavyoapa.

Changu nilikifungua mwisho. Bibi Rehema.

Ndiye dada. Alibatizwa Kristina. Amekuwa Rehema tangu aolewe, lakini mimi humwita Kristina, na yeye huitika.

Jastin akanitazama. "Babu, usinitajie. Ila kwa sura hiyo umepata mtu mgumu."

Jumanne, 3 Desemba

Niandike ilivyokuwa, kabla sijachoka.

Mwaka 1969 Kristina alishuka kutoka kwetu mlimani Mgeta akaolewa na Ahmadi, mchuuzi wa Mikese. Akasilimu. Mama yetu alikuwa mtu wa misheni, rozari asubuhi na jioni. Alisema mbele ya watu: asikanyage hapa tena. Hakulia. Alitoa vyombo vya Kristina nje, akawagawia majirani, sahani kwa sahani.

Desemba ya 1970 mama akaugua. Mimi nilikuwa mwalimu kijana. Nilikuwa natoka Dar kufuata vitabu vya shule, basi likasimama Mikese. Kristina alikuwa ananingoja kando ya barabara, Nasra mchanga mgongoni, mkeka umekunjwa kwapani. Miyaa myembamba, zambarau na nyekundu. Alisema: mimi sisherehekei tena Noeli, kaka, lakini mama anasherehekea. Mpe. Mwambie nimeusuka mimi. Mwambie namwomba radhi — si kwa kuolewa, bali kwa kuondoka bila kumuaga.

Nilipanda nao hadi Mgeta, begani, juu ya vitabu. Mkesha wa Noeli nikamtandikia mama. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Akauliza nani kausuka. Nikasema: Paskalina.

Neno moja tu. Paskalina alikuwa mlangoni na kuni mkononi. Alinitazama, akapita na kuni zake.

Mama alifariki tarehe 6 Januari, siku ya Tokeo la Bwana, akiwa juu ya mkeka ule. Tulimzika nao.

Baada ya matanga nilimwambia Kristina: nilimpa, aliupokea, hakusema kitu.

Ndiyo yote.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimejaribu kuchonga mwiko. Mti laini, kisu kizuri. Nilimwona baba yangu akichonga mwiko kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Kisu kiliniponyoka mara mbili. Mara ya pili kikatua karibu na dole gumba la mguu. Grace akaja akakichukua, kama anavyonyang'anywa mtoto kitu chenye ncha. Kipande cha mti kimebaki. Kinafanana na ulimi.

Jastin ameniletea mawazo. Chupa ya maji iliyokatwa, ikawa kisimamishio cha simu. Bibi hana simu ya kusimamisha, nikamwambia — halafu nikakumbuka ni siri! Akacheka mpaka akakaa chini. "Babu, wewe huwezi kuficha kitu hata siku tano!"

Jumamosi, 7 Desemba

Plamu zimefika! Emmanuel kazituma kwa lori la kabichi: ndoo mbili, na karatasi juu. Moja ya jemu, moja ya baba.

Nyumba nzima inanukia. Grace anachemsha plamu na sukari na ndimu, anakoroga, anatoa povu. Chupa amezikusanya tangu Septemba kwa majirani, zile za siagi ya karanga, amezichemsha zikang'aa. Zitarudi zimejaa, jirani mmoja mmoja, chupa moja moja: mwalimu mwenzake, mama wa jumuiya, Hafidhi wa nyumba ya pili. Juu ya kifuniko atafunga kipande cha kitenge. Ana pia achari ya pilipili, na mchaichai uliokaushwa kwenye mifuko ya karatasi aliyoishona mwenyewe. Jastin alionja jemu ya moto akaungua ulimi, akauliza hii ni jemu au adhabu.

Kazi yangu ni karatasi za chupani. Mwandiko wangu bado unasomeka nikiandika polepole. "Jemu ya plamu. Shamba la Mgeta. Noeli 2024."

Nilipofika ya kumi na nne nikasimama. Shamba la nani?

Kwetu Waluguru mtoto ni wa mama. Shamba la ukoo hupita kwa mama likaenda kwa binti, na kwa watoto wa binti. Mtoto wa kiume hulima, hula, hata hujenga. Lakini wanawe ni wa ukoo wa mama yao, na huko ndiko lilipo shamba lao. Shamba lile lilikuwa la mama. Baada yake lilikuwa la Kristina, kisha la Nasra. Emmanuel wangu ni wa ukoo wa Paskalina.

Kristina hakulidai. Aliwaambia wazee hawezi kulima udongo wa mtu aliyekufa na kinyongo naye. Hakupanda Mgeta tena tangu matanga. Wazee wakaniachia mimi, mimi nikamwachia Emmanuel. Miche ya plamu niliipanda mwenyewe mwaka 1967, nilipewa misheni. Miaka yote nimejiambia hivyo: miti ni yangu.

Nikamaliza karatasi zilizobaki bila neno "shamba". Jemu ya plamu, Mgeta. Grace hakuona tofauti.

Jumanne, 10 Desemba

Padre Ignas alikuja na pikipiki yake kuniletea Komunyo. Kijana, viatu vina matope. Grace akatuacha.

Nikaungama. Nilisema niliwahi kusema uongo juu ya mkeka. Aliuliza mkeka wa nani. Nikamweleza kama nilivyoeleza humu tarehe tatu, nikaishia hapo hapo.

Akauliza kama dada bado yu hai. Yu hai. Anaishi mbali? Mikese. Akasema: Mungu anakusamehe, mwalimu, hilo halina shaka. Lakini mimi siwezi kupokea msamaha wa dada yako kwa niaba yako. Malipizi yako yapo Mikese.

Ningependa angenipa rozari tano.

Alipoondoka Grace alimfungia chupa ya jemu. Akaipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, 12 Desemba

Miguu imevimba. Siandiki.

Jumapili, 15 Desemba

Malipizi yamepanda basi, yamenifuata!

Grace alimwita shangazi yake kwa simu ya Nasra, aje amsaidie kuniuguza mpaka sikukuu. Amefika saa nne, mkoba mmoja na mzigo wa ukili wa mkeka uliosukwa tayari, umeviringishwa kama tairi la lori. Miaka sabini na sita, na amebeba mwenyewe kutoka stendi ya bodaboda.

Jastin akamkimbilia. "Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Mke mwenzangu hapiki?"

"Mke mwenzio yupi? Mimi nakungoja wewe."

"Na mahari?"

"Mahari natengeneza kwa mikono. Mama kapiga marufuku dukani."

Alicheka kwa sauti ileile ya mama — kicheko kifupi, kama mtu aliyekanyaga kitu. Kisha akaja kwangu. Shikamoo kaka. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo.

Alasiri alikaa barazani akianza kushona ukili kwa ukili. Jastin akamwuliza anamtengenezea nani. Akamwambia wewe kaa na simu zako. Kisha Jastin akaona: "Bibi, kumbe wewe mashoto! Hata mistari imelala upande mwingine!"

Akanyanyua mkono wa kushoto, akautazama kama mtu anayemtambulisha mgeni. "Huu? Mama alinichapa kwa ajili ya huu mpaka akachoka. Mkono haukuchoka."

Nikaomba nisaidiwe kurudi ndani. Jua kali, nilisema.

Jumatano, 18 Desemba

Ananikanda miguu kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Anaswali chumbani kwangu kwa sababu ndimo mlimo na nafasi. Mimi nasali rozari kitandani, yeye yuko chini kwenye mswala, kila mmoja na kunong'ona kwake. Leo tulimaliza pamoja, tukatazamana, tukacheka.

Kisha akaanza yeye. Bila kuulizwa! Akasema mwezi huu humkumbuka mama kuliko mwezi wowote. Akasema miaka ya mwanzo alikuwa akienda kusimama barabarani Mikese, akiangalia malori ya mboga yanayotoka mlimani. Alidhani labda utingo mmoja atamwita: wewe ndiye Kristina? Una maagizo yako.

"Mama alilalia mkeka wangu, kaka. Alizikwa nao. Naye hakunitumia hata salamu. Mtu alalie kazi ya mikono ya mtoto wake na bado amkatae! Nilijiuliza ni moyo wa namna gani. Halafu nikaacha kujiuliza, nikalea."

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa umefungwa, Grace yupo shuleni kwa kikao cha walimu. Nilifungua mdomo nikaomba maji.

Ijumaa, 20 Desemba

Emmanuel alipiga simu. Upepo unavuma kwenye simu yake, kama kawaida ya Mgeta. Ameotesha miche arobaini ya plamu kwenye makopo. Ukuta wa nyumba mpya umefika kwenye linta ya madirisha. Atakuja Krismasi na miche sita kama zawadi ya aliyempata kwenye kura — hasemi nani.

"Baba, hili shamba ndilo linalonilisha na kunivisha. Mimi nitazikwa hapa hapa, chini ya plamu zako."

Nikamwambia vizuri, mwanangu.

Ana miaka hamsini na mitatu. Mgongo wake umeisha kwenye yale matuta. Wazee wa ukoo wakisikia neno jipya juu ya mama, watakaa kulijadili shamba. Wakikaa, wataanza na swali moja: kwa nini binti hakurudi? Na jibu ni mimi.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimesema.

Grace alikuwa sokoni, Jastin kibandani. Kristina alikuwa barazani anashona pindo. Nikamwambia aje ndani, akaja na sindano yake. Nikamwambia: Noeli ya mwaka sabini mama aliniuliza nani kasuka mkeka. Mimi nikasema Paskalina.

Sindano ilisimama.

"Hukumwambia ni mimi?"

"Sikumwambia."

"Na radhi niliyoomba?"

"Sikuifikisha."

Nje muuza maji alipita akipiga kengele, akapita tena anarudi. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, ningeshukuru.

Akaanza kulia, lakini uso wake — sijui niuelezeje. Ulifunguka. "Kwa hiyo hakunikataa," akasema. "Hakujua tu. Miaka yote hii, kaka! Mama hakunikataa. Hakujua!" Akanishika mikono yote miwili, akaibusu, mimi niliyemfanyia haya. Akasema amenisamehe. Papo hapo, kama mtu anayetoa kitu mfukoni.

Basi ningeweza kuishia hapo. Malipizi yamekwisha. Dada ametulia. Emmanuel amebaki na matuta yake.

Aliokota sindano akarudi barazani. Baada ya muda nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, kama anaongea na pindo: lakini mama aliujua mkono wangu hata gizani.

Nikamwambia macho yake yalikuwa yameharibika.

Hakugeuka. "Mkeka hausomwi kwa macho, kaka."

Jumanne, 24 Desemba

Hafidhi alikuja asubuhi kuchinja kuku wanne, ili sote tule chungu kimoja. Ndivyo tunavyofanya tangu tuhamie hapa. Grace akampa jemu na achari. Yeye akaleta mfagio wa chelewa aliousuka mkewe, umefungwa utepe! Habari za marufuku ya dukani zimefika mpaka nyumba ya pili.

Emmanuel kafika mchana, amepanda juu ya magunia ya karoti. Amemwamkia shangazi yake kwa kupiga goti. Wamekaa barazani wanaongea kuhusu mvua. Kristina anamwuliza kama jiwe kubwa la njiani, lile la kupumzikia — akasita, jina limempotea — bado lipo? Lipo, shangazi. Na chemchemi ya nyuma ya shamba? Ipo, shangazi, njoo uione. Akasema, labda. Sasa labda.

Mimi dirishani. Sina zawadi. Ulimi wangu wa mti upo chini ya mto.

Jumatano, 25 Desemba

Naandika chumbani. Wenzangu wapo sebuleni. Nimewaomba robo saa.

Nianze na asubuhi. Padre alisomesha misa fupi kwa sababu ya joto. Jastin alinibeba mgongoni kutoka kwenye bajaji hadi benchi la kwanza, akinong'ona kwamba mimi ni mwepesi kuliko mzigo wa spea. Tukarudi. Nasra akafika kutoka Mikese na ndizi. Tukala pilau.

Kisha zawadi. Jastin akajifanya mshereheshaji, mwiko ndio kipaza sauti. Nasra alimpa Jastin mkoba wa vyombo vya kazi, ameushona kwa suruali kuukuu ya jinzi, mifuko kumi na miwili. Jastin akaacha kutania kwa dakika nzima. Emmanuel alimpa Nasra miche sita ya plamu. Nasra akauliza ataipanda wapi, Mikese kuna joto. Emmanuel akakwama. Hakulifikiria hilo! Watu wakacheka. Kristina akasema, tutapata mahali. Grace alimpa Emmanuel fulana nzito ya kufuma, ya baridi ya mlimani. Jastin alimpa mama yake taa aliyoiunda kwa kopo la maziwa na betri za simu zilizokufa — inawaka!

Halafu Kristina. Kumbe alinipata mimi. Aliukunjua katikati ya sebule, akaugusa kwa mguu ujilaze sawa. Zambarau na nyekundu. Pindo limekunjwa kwa ndani. Mistari imelala kinyume.

"Wa kulalia, kaka. Nimeusuka kama ule."

Walipiga makofi. Nilishuka kwenye kiti, walinishika kwapa wote wawili, Emmanuel na Jastin, nikakaa juu yake. Nikapitisha vidole. Mimi pia siku hizi macho yana ukungu. Sikuhitaji macho. Kila ukili uliniambia ni nani.

"Zamu ya babu!" Jastin akatangaza. "Babu, toa kitu chako!"

Nikasema zawadi yangu ni ya Kristina na bado haijakwisha. Nikaomba nirudishwe chumbani na daftari langu. Grace akataka kukataa. Kristina akamwambia mwache.

Sasa amenifuata. Ameingia na mkeka, ameutandika kando ya kitanda, amekaa, miguu ameinyoosha. Ananitazama nikiandika. Emmanuel amesimama mlangoni na chupa ya jemu mkononi, anauliza kama baba anaumwa. Kristina amemjibu: hapana, anatengeneza zawadi yangu.

Nimewaambia nitasoma kwa sauti kadiri ninavyoandika. Nilikuwa mwalimu, imla naijua.

Tarehe tatu niliandika humu: ndiyo yote. Si yote. Hata daftari nimelidanganya, hata padre.

Siku ya Noeli, mchana, mama aliniita. Alikuwa anapitisha vidole kwenye ukili, taratibu, akirudi, akienda. Akasema: huu ni mkono wa mashoto. Paskalina si mashoto. Agustino, huyu ni mwanangu. Kisha akacheka kile kicheko chake kifupi. Akasema: nilimngoja aanze yeye, naye kaanza. Nenda Mikese kesho. Mwambie apande, aje na mtoto nimshike. Mwambie shamba lake lipo.

Nikasema, ndiyo, mama.

Paskalina alikuwa na mimba. Nilikuwa na uhakika ni mtoto wa kiume. Nilitoka nje nikaiangalia miche yangu ya plamu. Ilikuwa inanifika kifuani.

Mama aliishi siku kumi na mbili. Kila nyayo zilipopita njiani alinyanyua kichwa kwenye mkeka akauliza: ni yeye? Mimi nikamjibu: bado, mama, njia ina matope.

Nimesoma mpaka hapo. Emmanuel ameiweka chupa sakafuni. Kristina ameinamisha kichwa, mkono wake wa kushoto umebonyeza mkeka, vidole vimetanuka. Ananiambia, "Maliza, kaka."

Kuna mstari mmoja.

Mama alinituma nikuite. Sikwenda.